Saini ya Kipa wa Akiba

Katika albamu ya Panini ya picha za wachezaji wa msimu wa 1963/64, picha iliyowahangaisha watoto wa Italia kuliko zote haikuwa ya mfungaji bora wala ya nahodha wa timu kubwa. Ilikuwa ya Pier Luigi Pizzaballa, kipa wa Atalanta. Siku wapiga picha walipofika klabuni yeye alikuwa majeruhi, hakuwepo, na picha yake ikawa adimu kiasi kwamba jina lake likageuka kuwa jina la kitu chochote kisichopatikana. Pizzaballa alicheza soka la heshima, akadaka pia Roma, Verona na Milan. Hata hivyo Waitaliano wengi wa rika lile humkumbuka kwanza kwa nafasi tupu aliyowaachia kwenye albamu.

Kisa hicho kinagusa swali ambalo wakusanyaji wa kadi za mpira hawajamaliza kubishana juu yake. Kadi inapata thamani kwa umaarufu wa mtu aliye kwenye picha, kwa ugumu wa kuipata, au kwa kitu kingine? Na mwenye picha akiitia saini kwa mkono wake, halafu awe mtu ambaye nje ya mji wake hajulikani, tunayo nini mkononi?

Soko limekwisha kutoa jibu lake. Februari 2022 kadi ya Pelé ya mwaka 1958, iliyochapwa Sweden na kampuni ya Alifabolaget, iliuzwa kwa dola milioni 1.33. Kadi ya kipa wa akiba wa daraja la tatu, hata ikiwa na saini yake halisi, mara nyingi haifikii bei ya chipsi mayai. Mimi naona soko limepima jambo moja tu, yaani ni watu wangapi wanaotaka kitu kilekile kwa wakati mmoja. Yapo mambo mengine ya kupima, na kwa mambo hayo kadi za wasiojulikana zinawashinda mastaa kwa mbali.

Nchi ambayo jambo hili linaonekana wazi zaidi ni Ujerumani. Huko klabu za kulipwa huchapa kadi za kila mchezaji karibu kila msimu, na Wajerumani huziita Autogrammkarten. Zina ukubwa wa kadi ya posta, haziuzwi madukani kama pakiti za Panini au Topps, na kazi yake ni moja: kutiwa saini na kupewa shabiki bure. Anayechapiwa si mshambuliaji peke yake. Kipa wa tatu anayo, kijana aliyepandishwa kutoka kikosi cha vijana anayo, kocha mkuu na wasaidizi wake wanazo, kocha wa makipa anayo, na katika klabu nyingi hata daktari wa timu, mkandaji na mtunza vifaa wanapigwa picha wakiwa wamevaa jezi za benchi la ufundi.

Hebu tuhesabu. Ligi kuu ya Ujerumani, Bundesliga, ina timu 18, daraja la pili 18, na daraja la tatu, lililoanzishwa kwa mfumo wake wa sasa mwaka 2008, lina timu 20. Jumla ni klabu 56. Kila moja ikiwa na wachezaji ishirini na kitu, unapata watu karibu 1,500 kwa msimu mmoja, na hapo makocha hujawahesabu. Shabiki wa Dar es Salaam au Mombasa anayefuatilia mpira wa Ulaya kila wikiendi atakutajia labda hamsini kati yao. Waliobaki ndio mpira wenyewe unavyoishi siku kwa siku. Ni mabeki wanaosafiri kwa basi usiku kucha, viungo wanaocheza kwa mkopo, makipa wanaopasha misuli moto kila Jumamosi wakijua hawataingia uwanjani. Kati ya mwaka 2014 na 2020 daraja la tatu lilikuwa na timu ya Sonnenhof Großaspach, inayotoka katika mji mdogo wa watu wapatao 8,000. Wachezaji wake nao walikuwa na kadi.

Ishike kadi moja ya namna hiyo uitazame vizuri. Mbele kuna picha ya mchezaji kuanzia kiunoni, mikono imekunjwa kifuani kwa sababu mpiga picha ndivyo anavyowaambia wote. Kwenye jezi kuna jina la mdhamini, na ukishuka madaraja utaona wadhamini wanabadilika kutoka mashirika ya ndege na benki hadi kampuni ya madirisha ya mji uleule, kiwanda cha soseji, au muuza magari. Nyuma kuna tarehe ya kuzaliwa, urefu, nafasi uwanjani na orodha ya klabu alizopitia. Hiyo orodha ndiyo huwa naisoma kwanza. Staa ana klabu tatu au nne. Mchezaji wa daraja la tatu mwenye miaka 31 anaweza kuwa na tisa, na ukizifuata kwenye ramani unaona maisha ya mtu anayehama kila mkataba unapoisha: mashariki, kusini, mwaka mmoja nchi jirani, halafu kurudi kwenye klabu ya nyumbani alikoanzia. Hakuna mwandishi atakayemwandikia kitabu. Kadi hiyo ya gramu chache ndiyo wasifu pekee uliochapwa juu yake, na saini iliyo pembeni ni ushahidi kwamba yeye mwenyewe aliishika.

Namna ya kuipata ni rahisi, ila inataka subira. Unaandika barua kwa anwani ya klabu, kamwe si ya nyumbani kwa mchezaji, na ndani unatia bahasha ya pili iliyobandikwa stempu na kuandikwa anwani yako. Tangu Januari 2025 stempu ya barua ya kawaida ndani ya Ujerumani ni senti 95 za yuro, kwa hiyo kwenda na kurudi haifiki yuro mbili. Ukubwa wa kadi nao umefikiriwa, maana inaingia katika bahasha ya kawaida bila kukunjwa. Aliye nje ya nchi anahitaji stempu ya Ujerumani ya kurudishia jibu, na siku hizi posta yao inauza za kuchapisha mwenyewe kupitia intaneti, ilimradi ulipie kiwango cha barua ya kwenda ng'ambo.

Barua yenyewe iwe fupi, iandikwe kwa mkono, na iwe na jambo moja la kweli linaloonyesha kwamba unajua unamwandikia nani. Hapa ndipo tofauti kati ya mkusanyaji na mchuuzi inapoonekana. Mchuuzi hutuma barua 200 zenye maneno yaleyale, amebadilisha jina tu. Mkusanyaji anamwambia beki wa kushoto kwamba aliiona krosi yake ya dakika za mwisho katika mechi fulani ya mvua. Kwa mtu anayepokea maelfu ya barua sentensi hiyo itapotea. Kwa anayepokea barua tatu kwa mwezi ni jambo la kukaa nalo.

Na hii ni sababu ya kwanza inayonifanya niwatetee wasiojulikana: wao hujibu. Staa hana kosa asipojibu. Barua zake zinafika kwa magunia, zinafunguliwa na wafanyakazi wa klabu, na mara nyingi kinachorudi ni kadi ambayo saini yake imechapwa pamoja na picha kiwandani. Mchezaji mdogo anapewa bahasha zake mkononi baada ya mazoezi, anakaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, anatia saini. Wengine huongeza namba ya jezi, wengine jina lako na salamu, na wachache hujibu swali uliloliuliza. Si wote. Kuna barua zisizorudi kabisa, na mara nyingi sababu ni ya kawaida: dirisha dogo limefunguliwa Januari, mchezaji ameuzwa, bahasha yako imebaki kwenye sanduku la mtu ambaye hayupo tena. Zingine hurudi baada ya miezi mingi, zikiwa zimefuata mtu kutoka klabu hadi klabu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni uaminifu wa saini yenyewe. Biashara ya saini za wanamichezo ina donda la siku nyingi. Huko Marekani, Oktoba 1999, FBI walivamia mtandao wa kughushi uliokuwa na makao yake Kusini mwa California, katika operesheni waliyoiita Bullpen. Walikuta saini bandia za wachezaji wa besiboli waliokwishafariki, na hata mipira yenye saini bandia ya Mama Teresa. Soko lililokuwa likiuza vitu hivyo lilikuwa na vyeti vya uhakika, mihuri na maduka ya heshima. Cheti chenyewe kilikuwa sehemu ya udanganyifu.

Sasa jiulize ni nani atakayekaa usiku akijifunza kuiga saini ya beki wa akiba wa daraja la pili. Kazi ya kughushi inataka mazoezi, wino na karatasi inayofaa, na malipo yake ni bei ya kitu kilichoghushiwa. Pale ambapo bei ni karibu na sifuri, mghushi hana la kufanya. Kwa hiyo tumefika mahali pa ajabu: kadi ambazo soko linazidharau ndizo ambazo mtu anaweza kuziamini bila kulipa kampuni ya ukaguzi. Na hata angetaka kulipa, ada ya kukaguliwa kadi moja katika kampuni kama PSA, iliyoanza mwaka 1991, ingezidi bei ya kadi yenyewe mara nyingi. Hakuna anayeleta kadi hizi kwenye mizani hiyo, na hazihitaji.

Hili halina maana kwamba hakuna cha kuchunguza. Hatari ya kweli kwenye kadi za klabu ni saini iliyochapwa. Ielekeze kadi kwenye mwanga wa dirisha, uiinamishe taratibu. Wino wa kalamu nene, ile tunayoiita maka peni, hung'aa tofauti na karatasi iliyo chini yake, na mahali ambapo mistari miwili imepishana utaona rangi imekolea mara mbili. Saini iliyochapwa inang'aa sawasawa na picha, na ukiweka lenzi ya kukuzia juu yake mstari unavunjika kuwa vitone vidogo vidogo kama sehemu nyingine ya picha. Ya kalamu ya bolpeni huacha mfereji unaouhisi kwa ncha ya kidole, hata upande wa nyuma. Kadi mbili za mchezaji mmoja zikiwa na saini zinazolingana nukta kwa nukta, hakuna mkono uliopita hapo. Binadamu hawezi kuandika jina lake mara mbili kwa umbo lilelile.

Kuna aina ya tatu ya saini, na hii imetengenezwa na viwanda vya kadi vyenyewe. Mwaka 1990 kampuni ya Upper Deck ya Marekani iliweka ndani ya pakiti zake kadi 2,500 zilizotiwa saini na mchezaji wa besiboli Reggie Jackson, kila moja ikiwa na namba yake. Tangu hapo saini imekuwa zawadi ya bahati nasibu ndani ya pakiti, na mtindo huo ukaingia kwenye soka. Mchezaji hupelekewa mamia ya kadi, au karatasi za vibandiko vya plastiki vinavyopitisha mwanga, anatia saini akiwa hotelini, kisha kiwanda kinabandika kimoja kimoja. Saini hizo ni halali. Lakini mchezaji hakuwa na mtu yeyote mawazoni alipoandika, na mara nyingine hata kadi hakuiona. Tena viwanda hulipia saini za mastaa na za vijana wanaotarajiwa kuwa mastaa. Yule wa katikati, mwenye miaka 29 na mechi 140 za daraja la pili, hayumo katika hesabu zao. Klabu yake isipomchapia kadi, hana kadi.

Nije kwa makocha, kwa sababu hawa ndio waliosahaulika zaidi na ndio wenye mengi. Kadi ya kocha humpata mtu katika nafasi inayoondoka haraka kuliko zote. Klabu huchapa kadi Julai. Kufika Novemba kocha ameshafukuzwa, na boksi zima la kadi zake linabaki ofisini halina kazi. Anayekuja baada yake anaweza kuchapiwa kadi Januari, au asichapiwe kabisa. Kocha wa muda aliyesimamia mechi mbili hana kadi hata moja, na mkusanyaji anayetaka benchi zima la msimu ule analazimika kumpelekea picha ya gazeti au kadi nyeupe ili aitie saini. Watu wa namna hiyo wamejaa katika historia ya kila klabu, na ndio mapengo yanayomsumbua mkusanyaji.

Halafu kuna makocha wasaidizi. Željko Buvač alicheza na Jürgen Klopp pale Mainz, kisha akawa msaidizi wake tangu 2001 Mainz, Dortmund na Liverpool, hadi walipoachana 2018. Klopp mwenyewe alimwita ubongo wa kazi yao. Mamilioni ya watu wanaitambua sura ya Klopp, na wengi wao Buvač wasingemtambua akipita mbele yao, maana hakuwa mtu wa kamera wala mahojiano. Saini ya mtu kama huyo ina uzito wa kipekee kwa anayejali namna mpira unavyofikiriwa. Timu tunazozikumbuka kwa jina la mtu mmoja zilitengenezwa na watu watano au sita waliokaa pamoja mbele ya video usiku, na kadi za benchi la ufundi ni miongoni mwa mahali pachache ambapo wote hao wamewekwa kwa ukubwa sawa wa picha.

Na Klopp naye kabla ya yote hayo alikuwa mchezaji wa kawaida wa daraja la pili. Aliitumikia Mainz kuanzia 1990 hadi 2001, mechi za ligi zaidi ya 300, kwanza mshambuliaji, baadaye beki, kisha Februari 2001 akakabidhiwa timu. Aliyemwandikia barua katika miaka ya tisini alimwandikia beki wa Mainz, mrefu, mwenye masharubu. Makocha wengine wakubwa wa Ujerumani nao ni vilevile. Thomas Tuchel alicheza Stuttgarter Kickers na Ulm hadi goti lilipomkatisha akiwa bado kijana. Joachim Löw alikuwa mfungaji wa Freiburg wakati Freiburg ilikuwa timu ya daraja la pili isiyozungumzwa. Julian Nagelsmann hakufika hata huko: majeraha yalimzuia kucheza mpira wa wakubwa, na alipopewa Hoffenheim Februari 2016 alikuwa na miaka 28.

Mifano hii ndiyo inayowatamanisha wale wanaokusanya kwa kubahatisha. Wananunua au kuomba saini za vijana kwa wingi, wakitegemea kwamba mmoja kati ya mia atakuwa Klopp mwingine, na huyo mmoja atalipia wengine wote. Siwezi kuwakataza, fedha ni zao na stempu ni zao. Ila najua kinachotokea kwa hao tisini na tisa: wanatupwa kwenye boksi, wanauzwa kwa kilo. Mtu alikaa akaandika jina lake kwa ajili ya kijana aliyedai kuwa shabiki wake, na saini ikaishia kuwa tiketi ya bahati nasibu iliyoshindwa. Ndiyo maana wachezaji wengi siku hizi huuliza jina lako na kuliandika juu ya kadi kabla ya saini. Kadi yenye jina la mtu hushuka bei sokoni. Kwa mkusanyaji wa kweli kadi hiyo imepanda, kwa sababu imekuwa na mwenyewe.

Zaidi ya wanaosubiri kupanda, kuna walioshindwa wazi wazi, na hapa napenda kuitaja Tasmania Berlin. Msimu wa 1965/66 iliingizwa Bundesliga ghafla baada ya Hertha, klabu nyingine ya Berlin, kunyang'anywa nafasi, wachezaji wakaitwa kutoka likizo. Katika mechi 34 ilishinda mbili, ikafunga mabao 15 na kufungwa 108, na kumaliza na pointi 8. Januari 1966 ilicheza na Borussia Mönchengladbach mbele ya watazamaji 827 katika Uwanja wa Olimpiki wa Berlin. Rekodi hizo bado zinatajwa kila timu fulani inapofungwa mfululizo. Ninachokiona mimi ni kwamba wanaume wale walivaa jezi kila Jumamosi hadi mechi ya mwisho. Saini ya mchezaji wa Tasmania inashuhudia kazi ngumu kuliko saini nyingi za mabingwa, na waliozikusanya wakati wahusika wangali hai wamehifadhi kitu ambacho takwimu haziwezi kukisema.

Kwetu Afrika Mashariki utamaduni huu wa kadi za klabu haukushika, lakini watu wetu wamo ndani yake. Mwaka 2013 RB Leipzig, ikiwa daraja la tatu, ilimsajili kijana wa Kidenmarki kutoka Lyngby aitwaye Yussuf Poulsen. Baba yake, Mtanzania kutoka Tanga aliyefanya kazi melini, alifariki mtoto akiwa na miaka sita, na kwenye Kombe la Dunia la 2018 Poulsen alivaa jezi iliyoandikwa Yurary, jina la baba. Alibaki Leipzig hadi 2025, akacheza zaidi ya mechi 400, akapanda nayo madaraja mawili na kutwaa Kombe la Ujerumani 2022 na 2023. Kadi yake ya 2013/14 ilikuwa ya mgeni wa daraja la tatu. Mtanzania ambaye angemwandikia wakati ule barua ya mistari minne angekuwa na nafasi nzuri ya kujibiwa.

Fikiria pia Mike Okoth, Mkenya aliyecheza Oostende na kisha Genk, timu iliyochukua ubingwa wa Ubelgiji mwaka 1999. Mwanawe Divock Origi amechapwa kwenye kadi nyingi, pamoja na zile za Liverpool baada ya bao lake la fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2019, na saini zake zinauzwa kila mahali. Saini ya baba utaitafuta sana, ingawa bila yeye habari ya mtoto haina mwanzo. Hata Mbwana Samatta, anayejulikana kwa kila Mtanzania, kwa mkusanyaji wa Ulaya alikuwa mchezaji wa Genk tu hadi bao lake la Anfield, uwanja wa Liverpool, mwaka 2019 lilipowafungua macho.

Mfano wa makocha unaniuma zaidi. Bert Trautmann, kipa wa Manchester City aliyemaliza fainali ya Kombe la FA ya 1956 akiwa amevunjika shingo, alitia saini picha na kadi nyingi hadi alipofariki 2013, na karibu zote zinamwonyesha akiwa langoni mwa City. Katika miaka ya 1970 mtu huyo huyo alitumwa na Ujerumani kufundisha soka katika nchi kadhaa, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Mjerumani mwenzake Reinhard Fabisch aliifundisha Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, ilipofika fainali ya Michezo ya Afrika jijini Nairobi mwaka 1987. Miaka hiyo ilikuwa na picha, ilikuwa na magazeti, ilikuwa na sauti za watangazaji wa redio ambazo wazee wetu bado wanaziiga. Kilichokosekana ni kile kikaratasi kimoja kwa kila mtu, chenye jina, tarehe ya kuzaliwa na klabu alizopitia, kikatiwa saini na kubaki kabatini kwa shabiki. Wachezaji wa akiba wa timu hizo, na wasaidizi wa Kiafrika waliofanya kazi bega kwa bega na wageni hao, wametutoka bila hata hicho.

Simba, Yanga, Gor Mahia na AFC Leopards zina wapiga picha wazuri na wachapaji wa mabango mitaa miwili kutoka ofisini. Kadi 500 za kila mchezaji na kila mtu wa benchi la ufundi si gharama ya kuitikisa klabu inayosajili wachezaji kutoka nchi sita. Najua jibu litakuwa kwamba siku hizi shabiki anataka kupiga picha na mchezaji kwa simu. Ni kweli, na huko Ulaya pia simu imekula sehemu kubwa ya muda uliokuwa wa kalamu. Lakini picha ya simu inamwonyesha shabiki pamoja na staa, na staa ndiye anayefuatwa. Sijawahi kuona foleni ya kupiga picha na kocha wa makipa. Kadi inachapwa kwa wote bila kuuliza nani anapendwa, na hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Kwa aliyekwisha kuanza, yapo mambo machache ya kutunza. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali huula wino. Tafuta ile isiyo na PVC. Jua la dirishani hufifisha saini ya maka peni kabla ya kufifisha picha. Huku pwani, unyevu hubandua kadi na kuzigandisha zikipangwa moja juu ya nyingine, kwa hiyo kila moja ikae peke yake, na kabati lisigusane na ukuta. Usiitupe bahasha iliyorudisha kadi, kwani muhuri wa posta una mji na tarehe, na kwa mchezaji asiyejulikana huo ni ushahidi mzuri kuliko cheti chochote. Mchezaji akikuandikia mstari mmoja, nakili mahali pengine ulichomwuliza, maana jibu bila swali litakuwa fumbo kwa atakayekuja baadaye.

Huyo atakayekuja baadaye ndiye tatizo ambalo wakusanyaji wengi hawalizungumzi. Mkusanyaji wa kadi za mastaa akifariki, watoto wanajua wana nini, watapiga simu kwenye mnada. Wa kadi za wasiojulikana anaacha mafaili ishirini ya sura ambazo hakuna nyumbani anayezitambua, na mafaili hayo huenda jalalani au kwa mchuuzi anayechomoa majina matatu na kutupa yaliyobaki. Dortmund kuna jumba la makumbusho ya soka la Ujerumani, lililofunguliwa 2015, na klabu kadhaa zina hifadhi zao, lakini wahifadhi hawawezi kupokea kila boksi linaloletwa mlangoni. Wanachoweza kupokea ni mkusanyiko wenye mipaka na daftari: makocha wote wa klabu moja kwa miaka thelathini, makipa wote wa daraja fulani, au wachezaji wote wenye asili ya Afrika Mashariki waliopita ligi za Ulaya. Huu wa mwisho, kwa ninavyojua mimi, bado haujakamilishwa na mtu. Unahitaji daftari la mistari, stempu, na kuanza na wale wakubwa kwa umri, Mike Okoth na wa rika lake, wakati bado wanaweza kushika kalamu.